Shajara ya mradi: bango la sikukuu saba za Walawi 23

Oktoba 2025

Mwezi uliopita simu za watu wengi zilijaa video za mhubiri mmoja wa Afrika Kusini aliyetangaza kwamba unyakuo ungekuwa tarehe 23 au 24 Septemba, siku za Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, ambao katika Walawi 23 ndio sikukuu ya Baragumu. Tarehe zikaja, zikapita. Wengine walicheka, lakini katika kikundi chetu cha Biblia kulibaki swali ambalo halichekeshi: sikukuu za Wayahudi zina uhusiano gani na unabii, na ni nani aliyesema baragumu ya mwezi wa saba ndiyo parapanda ya mwisho? Tumekubaliana tutengeneze bango la turubai la kutundika darasani, na masomo machache ya kulieleza. Maneno nimepewa mimi. Picha atachora kijana mmoja wa kikundi ambaye mkono wake tunauamini.

Mchoro wa kuanzia upo, na wengi wameuona. Ni mstari mmoja wenye sikukuu saba. Nne za kwanza zina alama ya vema: Pasaka ni msalaba, Mikate Isiyotiwa Chachu ni kaburi, Mganda wa Malimbuko ni ufufuo, Majuma ni kushuka kwa Roho. Tatu za mwisho zina alama ya kuuliza: Baragumu ni unyakuo, Upatanisho ni Israeli kumtambua Masihi, Vibanda ni utawala wa miaka elfu. Kwa macho unapendeza. Shemasi wetu alitaka tuuchapishe kama ulivyo, tuongeze rangi tu. Nimeomba tuupime kwanza, sikukuu kwa sikukuu, kwa kanuni hii: wino mwekundu kwa kile ambacho Maandiko yenyewe yanakiunganisha na sikukuu, bluu kwa walichosema wafasiri wa Kikristo, kijani kwa wanachosema Wayahudi juu ya sikukuu zao. Ameridhia, ingawa kwa shingo upande.

Novemba

Nimeanza na kalenda, kwa sababu kelele nyingi za tarehe huzaliwa huko.

Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, na miezi 12 hufanya siku 354 hivi. Ingeachwa hivyo, Pasaka ingezunguka misimu yote kama Ramadhani inavyozunguka. Lakini Torati imeifunga Pasaka kwenye mwezi wa Abibu, shayiri inapoanza kuiva, kwa hiyo huongezwa mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Zamani za hekalu hapakuwa na hesabu iliyoandikwa tayari. Palikuwa na mashahidi. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inaeleza jinsi walioona mwezi walivyohojiwa Yerusalemu mmoja mmoja, kisha mioto ikawashwa kilima hadi kilima kuelekea Babeli. Wasamaria wakaanza kuwasha mioto ya uongo, ndipo ikabidi watumwe wajumbe. Nimeisoma habari hii kwa kikundi na waliokulia pwani wakatabasamu. Mabishano ya mwandamo wanayajua tangu utotoni.

Hapo hapo tumemaliza suala la "miezi ya damu", yaani dai kwamba kupatwa kwa mwezi siku za sikukuu ni ishara ya unabii. Mwaka 2014 na 2015 mwezi ulipatwa kikamilifu mara nne, kila mara siku ya Pasaka au ya Vibanda: 15 Aprili na 8 Oktoba 2014, 4 Aprili na 28 Septemba 2015. Vitabu viliuzwa sana. Ila sikukuu hizo mbili zote huanza tarehe 15 ya mwezi wa Kiyahudi, yaani mwezi mpevu, na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Kukutana kwao ni jambo la kutarajiwa. Isitoshe, mara tatu za kwanza kupatwa huko hakukuonekana Yerusalemu. Miezi ya damu haiingii kwenye bango, hata kwa wino wa bluu.

Desemba

Pasaka. Hapa wino mwekundu ulitiririka. Mwana-kondoo anatengwa tarehe 10, anachinjwa tarehe 14 jioni, asivunjwe mfupa (Kutoka 12). Yohana anaukumbuka mfupa huo chini ya msalaba (19:36), na Paulo anasema bila kuzunguka kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu aliyetolewa sadaka (1 Wakorintho 5:7). Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba wana-kondoo walichinjwa hekaluni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, na kwamba mwaka mmoja walihesabiwa zaidi ya laki mbili na nusu. Injili zinasema Yesu alilia kwa sauti kuu saa tisa. Sisi hatuna haja ya kugeuza saa hizo. Saa tisa ya Josephus na ya Marko ndiyo saa tisa yetu, jua likiwa limepinda na kivuli kimerefuka.

Kuna fundo, nami sikutaka tulipite kimya. Marko 14:12 inaonyesha karamu ya mwisho ilikuwa ya Pasaka yenyewe. Yohana 18:28 inaonyesha asubuhi ya hukumu makuhani walikuwa bado hawajaila. Picha ya Yesu kufa wakati kondoo wakichinjwa inasimama juu ya Yohana. Wataalamu wamependekeza njia nyingi za kupatanisha, na hakuna iliyomaliza ubishi. Mzee mmoja aliona kuliandika hili kutawachanganya waumini. Nikamjibu, "Mzee, waumini hao wana Biblia nyumbani, wakikutana nalo peke yao watatuuliza kwa nini tulinyamaza." Limeingia kwenye somo la pili, si kwenye bango.

Halafu kuna Luka 22:16, na hapa ndipo mchoro ule ulipoanza kunitia shaka. Mezani, kabla ya kuteswa, Yesu anasema hataila tena Pasaka hata itimizwe katika ufalme wa Mungu. Yaani sikukuu ya kwanza kabisa katika mstari, ile yenye vema kubwa kuliko zote, kwa kinywa chake mwenyewe bado ina sehemu inayongoja. Tumeiacha vema kwa sasa, kwa kalamu ya risasi.

Tulichokataa: mikate mitatu ya meza ya Pasaka kuwa Utatu, na kile kipande kinachofichwa na kutafutwa na watoto kuwa Kristo kaburini. Utaratibu wa meza ya leo umejengwa kwa sehemu kubwa baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70 B.K. Huwezi kuchukua desturi iliyokua baadaye na kuifanya utabiri wa jambo lililotangulia.

Mikate Isiyotiwa Chachu haikuchukua muda. Paulo anaitumia kuzungumzia maisha ya kanisa, kuondoa chachu ya uovu, wala hataji kaburi. "Kaburi" limehamia bluu.

Mama mmoja aliuliza kwa nini Hanuka, ambayo Biblia inaiita Sikukuu ya Kutabaruku, haimo. Haimo kwa sababu Walawi 23 ni ya kale kuliko tukio lake: mfalme Antioko Epifane alilinajisi hekalu mwaka 167 K.K., Yuda Makabayo na wenzake wakaliweka wakfu upya mwaka 164 K.K. Lakini swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Yohana 10:22 inamweka Yesu hekaluni katika Sikukuu ya Kutabaruku, na "chukizo la uharibifu" la Danieli, ambalo Wayahudi wengi waliliona kwa Antioko, Yesu analitaja tena katika Mathayo 24 kama jambo la mbele. Unabii uliokwisha kutokea unatokea tena. Nimelihifadhi hilo.

Januari 2026

Mganda na Majuma ni sikukuu za shamba, na nadhani wachoraji wa michoro ya unabii huwa hawajashika mundu. Mganda ni wa shayiri, inayoiva kwanza. Siku ya hamsini inaletwa mikate miwili ya ngano, nayo, kinyume na sadaka za kawaida za unga, imetiwa chachu (Walawi 23:17). Katikati ni majuma saba ya kuvuna.

Walawi 23:11 inasema mganda utikiswe siku ya pili baada ya sabato. Sabato ipi? Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya sikukuu, kwa hiyo mganda ni tarehe 16, iwe siku yoyote ya juma. Wabaitosi, kundi lililokuwa karibu na Masadukayo, walisema ni Sabato ya kawaida, kwa hiyo mganda ni Jumapili daima. Mishna, katika sehemu yake iitwayo Menahoti, inaeleza jinsi mganda ulivyokatwa jioni mbele ya umati ili kuwazima Wabaitosi hao. Mvunaji anauliza, "Jua limetua?" Wanajibu, "Ndiyo." Anauliza tena, na tena, mara tatu. "Kwa mundu huu?" mara tatu. "Katika kapu hili?" mara tatu. Ni ibada na ni mabishano ya kidini kwa pamoja, na nimemwomba mchoraji atuchoree tukio hilo, maana halihitaji maelezo marefu.

Paulo anapomwita Kristo "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20) hatumii tarehe. Anatumia shamba: limbuko likishaingia, mavuno mengine yako nyuma yake. Wino mwekundu, lakini tena sehemu moja imekuja na sehemu kubwa inangojewa, kwa kuwa wafu wengine hawajafufuka. Vema nayo imetiwa kalamu ya risasi.

Kuhusu Majuma, Matendo 2 yenyewe inatosha. Kwa kijani tumeandika kwamba Wayahudi huiadhimisha kama siku ya kupewa Torati pale Sinai, na kwamba husoma kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyeokota masazo wakati wa mavuno ya shayiri na ngano. Ukiyaweka hayo kando ya Matendo 2, moto na sauti vinajibiana. Siku ya ndama wa dhahabu walianguka watu wapata elfu tatu (Kutoka 32:28), siku ya Pentekoste wakaongezwa wapata elfu tatu (Matendo 2:41). Luka haonyeshi kidole kwenye ulinganifu huo, kwa hiyo ni bluu. Mikate miwili kuwa Wayahudi na Mataifa, bluu pia, ingawa Ruthu anaisogeza karibu na wekundu.

Februari

Siku ya Upatanisho imebomoa mstari.

Mchoro unaiweka upande wa mambo yajayo. Lakini Waraka kwa Waebrania, ambao ndio maelezo marefu kuliko yote ya Agano Jipya juu ya sikukuu moja, unaitumia kueleza jambo lililokwisha kutendeka: Kristo aliingia Patakatifu mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe (9:11-12). Sikukuu ya mwezi wa saba imeunganishwa na kuja kwa kwanza. Kisha mwishoni mwa sura hiyo hiyo (9:28) anatokea mara ya pili kwa hao wamtazamiao, kama kuhani mkuu aliyeingia nyuma ya pazia na watu wakabaki nje wakimngoja atoke. Sikukuu moja imeshika kuja kote kuwili. Huwezi kuipa vema, wala huwezi kuipa alama ya kuuliza.

Nilipoleta hili kikaoni, shemasi alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tufute alama zote." Tumezifuta. Bango jipya litakuwa na duara saba, na kila duara safu tatu: kilichokumbukwa, kilichounganishwa na Kristo, kinachongojewa. Zote saba, si tatu tu.

Mengine yaliyoingia kwenye somo hili: mbuzi wawili wa Walawi 16, mmoja kwa BWANA na mmoja kwa Azazeli, na jinsi Mishna inavyosema yule wa pili alivyosindikizwa hadi genge la jangwani na kusukumwa kinyumenyume. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, ina habari ambayo Wakristo huipenda sana: miaka 40 kabla ya hekalu kubomolewa, uzi mwekundu wa siku hiyo, ambao kugeuka kwake mweupe kulikuwa ishara ya msamaha, uliacha kugeuka na milango ya hekalu ikawa inafunguka yenyewe. Ukihesabu unafika karibu na mwaka 30. Nimeiandika kwa kijani pamoja na tahadhari kwamba marabi walioisimulia walikuwa wakiomboleza hekalu, hawakuwa wakimshuhudia Yesu.

Kikundi chetu kina Wasabato wawili, na kwao siku hii si mada ya pembeni. Mwaka 1844, Samuel Snow, mmoja wa wafuasi wa William Miller, mhubiri wa kurudi kwa Kristo kule Marekani, aliunganisha siku 2300 za Danieli 8:14, ambazo mwisho wake patakatifu patatakaswa, na Siku ya Upatanisho, akaihesabu kwa kalenda ya Wakaraimu, Wayahudi wasiofuata marabi, kuwa 22 Oktoba; kalenda ya marabi mwaka huo iliiweka Septemba. Kristo hakurudi. Waliobaki walifundisha kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilikuwa la mbinguni, mwanzo wa hukumu katika hekalu la juu. Fundisho hilo walilibeba wamisionari wa Kisabato waliofika Upare, Tanzania, mwaka 1903 na Gendia, Kenya, mwaka 1906, na familia nyingi za huko zimekua nalo. Dada mmoja kati ya hao wawili alilieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Limeandikwa kwa bluu, kwa maneno yake, na wasiokubaliana nalo wamekubali libaki.

Machi

Vibanda ndiyo sikukuu niliyoifurahia kuliko zote, na somo lake limekuwa refu kupita kiasi. Nitalipunguza, lakini si leo.

Kila asubuhi ya siku saba kuhani alishuka hadi birika la Siloamu na chombo cha dhahabu, akapanda na maji, yakamiminwa madhabahuni huku watu wakiimba. Wengi waliyaunganisha na Isaya 12:3, "kwa furaha mtateka maji katika visima vya wokovu." Ngazi za birika hilo zilifukuliwa Yerusalemu mwaka 2004. Usiku, katika ua wa wanawake, vijana wa kikuhani walipanda ngazi kuwasha taa kubwa za dhahabu. Mishna inasema tambi za taa hizo zilichanwa kutoka suruali kuukuu za makuhani na mishipi yao. Kitu hicho kidogo kimenipa imani na maelezo yote mengine. Hakuna mtu anayebuni suruali kuukuu.

Sasa soma Yohana 7:37 na 8:12. Siku ya mwisho ya sikukuu anasimama mtu na kupaza sauti: "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Kisha anajiita nuru ya ulimwengu, katika ukumbi ule ule wa hazina uliokuwa karibu na taa zile. Vibanda, ambayo mchoro uliipeleka yote kwenye miaka elfu ijayo, Yohana anaileta kwenye mdomo wa Yesu akiwa hai Yerusalemu. Wino mwekundu.

Na yanayongojewa pia ni mekundu. Zekaria 14:16-19 inasema mataifa yatakayosalia yatapanda Yerusalemu mwaka kwa mwaka kushika Vibanda, na yasiyopanda hayatapata mvua. Tishio la mvua si la kubahatisha: kule kiangazi hakina tone, na mvua za kwanza hutazamiwa karibu na sikukuu hii, kama tunavyotazamia vuli. Katika Hesabu 29 ng'ombe wa sikukuu huanza 13 siku ya kwanza, hupungua mmoja kila siku hadi 7, jumla 70. Talmudi inasema ni kwa ajili ya mataifa sabini ya dunia. Ufunuo 7 ina umati wa kila taifa wenye matawi ya mitende mikononi, hema ya Mungu juu yao, na chemchemi za maji. Ni Vibanda bila kutajwa jina.

Kijana mmoja alisema Wayahudi "wameshika kivuli wakaacha mwili", akitumia Wakolosai 2:17. Tumelijadili kwa kirefu. Paulo pale anawaonya Wakristo wasihukumiwe kwa ajili ya sikukuu, hawadhihaki wanaozishika. Jirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda walio karibu na Mbale, waliomfuata Semei Kakungulu tangu 1919, hujenga vibanda vyao kila mwaka na hawahitaji bango letu kujua wanachokumbuka. Sentensi zote za bango zenye "Wayahudi hawakuelewa" zimeondolewa. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

Aprili 2026

Pasaka ya Kiyahudi ilianza jioni ya tarehe 1, yetu ilikuwa tarehe 5, ya Waorthodoksi tarehe 12. Watu waliuliza sababu, na nimeongeza nusu ukurasa kuhusu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, ulioamua makanisa yote yasherehekee pamoja na yasiitegemee tena hesabu ya Wayahudi.

Pia nimesoma tena Ezekieli 45. Katika hekalu la maono yake Pasaka ipo, na sikukuu ya siku saba ya mwezi wa saba ipo. Majuma hayatajwi. Tarehe 10 ya mwezi wa saba haitajwi. Ikiwa nabii mwenyewe anaweza kuorodhesha sikukuu za wakati ujao bila kuzikamilisha saba, sioni kwa nini saba zetu lazima zikae kwenye mstari ulionyooka kama reli. Shemasi ameomba aya hii ndiyo ifungue somo la kwanza. Nimekubali haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Imebaki Baragumu, sikukuu yenye maneno machache na makelele mengi. Walawi 23:24 inataja pumziko, ukumbusho wa kuzipiga baragumu, kusanyiko takatifu, basi. Haisemi ni ukumbusho wa nini. Marabi wamejaza nafasi hiyo kwa siku ya hukumu, kuumbwa kwa ulimwengu, na kondoo dume aliyenaswa pembe mlimani Moria. Parapanda za 1 Wathesalonike 4:16 na 1 Wakorintho 15:52 ni kweli zipo, lakini Paulo haziambatanishi na tarehe 1 ya mwezi wa saba, na baragumu katika Biblia hupigwa pengi: Sinai, Yeriko, kutawazwa wafalme, Yubile, ambayo ilitangazwa Siku ya Upatanisho (Walawi 25:9). Hivyo safu ya kati ya duara hili inabaki na wino wa bluu peke yake. Mchoraji analalamika kwamba litaonekana limepauka kando ya mengine sita. Nimemwambia aliache hivyo.

Yaliyobaki: kupunguza somo la Vibanda, kusahihisha marejeo ya Hesabu 28, kupata bei ya turubai ya mita mbili kwa moja kutoka kwa wachapaji zaidi ya mmoja, kuandika nusu ukurasa juu ya Amosi 5:21, ambapo Mungu anasema anazichukia sikukuu zenyewe, kwa sababu hakuna mchoro niliouona unaoitaja. Bango litundikwe kabla ya Septemba. Mwaka huu tarehe 1 ya mwezi wa saba ni Jumamosi, 12 Septemba, na katika masinagogi yanayofuata desturi ya marabi baragumu haipigwi siku ya Sabato, itasubiri Jumapili.